Walaji Wawili Wasio na Kadi

Kila kinywa kinachokula hapa kambini Nakivale kimeandikwa mahali, isipokuwa viwili, na vyote viwili viko nyumbani kwangu.

Mimi nimeandikwa. Mama watoto ameandikwa. Watoto wameandikwa, hadi kitinda mimba aliyelia mbele ya mashine mpaka jicho likakataa kufunguka. Mwaka 2018, kuanzia Machi hadi Oktoba, Serikali ya Uganda na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walitupanga mistari katika makambi ya nchi nzima, wakatumulika mboni za macho na kutubana vidole kwenye kioo, familia baada ya familia. Vitabu vilikuwa vinasema wakimbizi ni milioni 1.4. Walipomaliza kuhesabu macho tukabaki kama milioni 1.1. Kumbe kulikuwa na majina yasiyo na watu.

Hakuna aliyekumbuka kummulika paka. Laiti wangemkamata Minou siku ile, karani angeandika ripoti mpaka kalamu ikauke. Maana huyu paka anayelala kwangu, anayekoroma juu ya gunia langu la mahindi, ana familia nne. Kila familia inaamini ni wake peke yake, na kila familia inamhurumia kwamba hana pengine pa kula.

Asubuhi na mapema, kabla mimi sijapata hata maji ya kunawa uso, Minou yuko kwa Hajati, jirani yetu Msomali wa upande wa barabara. Kule wanaamka na kanjero, zile chapati laini zenye vitundu, na chai ya maziwa yenye iliki, na siku ya neema wanaongeza maini ya mbuzi yaliyokaangwa na vitunguu. Kanjero kavu Minou haigusi. Anakaa, anatazama ukutani kama mtu aliyetukanwa, mpaka Hajati ailoweshe kwenye maziwa. Maini hayahitaji kuloweshwa. Mimi nikitaka maini sharti niende bucha na pesa mkononi, na nikifika nakuta yameshauzwa kwa Wasomali, yaani kwa Minou.

Mchana anahamia kwa Mama Mapacha, Mrundi, nyuma ya bomba la maji. Mama Mapacha anapika maharagi na ndizi kwa mawese, na juu yake anatupia ndagala kidogo, wale dagaa wa Tanganyika, kwa ajili ya harufu. Nimesimama pale mwenyewe nikaona kazi inavyofanyika. Paka anawekewa kisahani cha maharagi yenye ndagala. Anaingiza ulimi, anachomoa ndagala mmoja, anamweka pembeni, anamla. Anarudi, anachomoa mwingine. Akimaliza, maharagi yamebaki yote, yamepangika, yanang'aa, hakuna hata moja lililopasuka. Watoto wangu wakila maharagi, mkeka mzima unakula nao.

Jioni anateremka ziwani, wavuvi wakipasua kambare na tilapia. Utumbo wa samaki hauna mwenyewe, na wavuvi ni watu wa moyo laini kwa yeyote asiyeomba mkopo. Halafu giza likiingia, wakati sisi tunakaa mkekani, mlango unasukumwa na kichwa kidogo. Minou anaingia na tumbo kama ngoma na sauti ya yatima. Analia. Anamzunguka mama watoto miguuni, anajisugua kwenye kitenge, analia tena.

"Papa," mama watoto ananiambia, "huyu mtoto hajala tangu asubuhi."

Huyu mtoto!

Sasa mfikirie hali yetu sisi wenye kadi. Aprili 2020 PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikata posho kwa asilimia 30. Februari 2021 tukabakiwa na asilimia 60. Katikati ya 2023 tukagawanywa makundi matatu kwa kupima nani ana shida kumshinda nani, na kundi la mwisho likaambiwa lijitegemee. Kila mkato ulipokuja nilimtazama Minou nione kama habari zimemfikia. Hajapungua hata gramu. Kila mpango wa kujitegemea ulioletwa hapa na watu wa magari meupe, yeye alikwishautekeleza zamani bila semina na bila kusaini karatasi ya nauli.

Mtu atasema, basi mpeni chakula rahisi. Chakula rahisi hapa ni mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria wanaouzwa kwa kikombe sokoni. Mukene wanaanikwa popote penye jua, kwa hiyo ukinunua vikombe vitatu, kimoja ni mchanga. Unawaosha, unawaosha tena, unawakaanga, na bado jino linakutana na Uganda yenyewe. Mama watoto ni mtu wa Uvira, kule Kongo, amelelewa na ndagala wa Tanganyika, na mukene anawala kwa uso wa mtu anayesikiliza hotuba. Lakini anawala. Minou je? Mwekee mukene mbele yake. Ananusa mara moja. Anarudi nyuma hatua. Anatikisa mguu mmoja wa mbele kana kwamba ameukanyaga mkojo. Kisha, mbele ya mpishi, mbele ya wageni kama wapo, anaanza kukwangua sakafu kuzunguka sahani, kwa utulivu, upande huu, upande ule, vilevile hasa anavyokwangua udongo akitoka kujisaidia. Anafukia chakula cha mke wangu.

Kuna wanaume humu kambini waliopewa talaka kwa makosa madogo kuliko hilo. Minou anabebwa, anaulizwa kama anaumwa.

Na si kwamba hana hamu. Mwaka jana mgeni alikuja kutoka Bujumbura, akatuletea kilo ya ndagala kavu, imefungwa kwenye mfuko, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya suruali, ndani ya begi lenye zipu. Mgeni hajamaliza kusalimia, paka yuko juu ya begi, amelikumbatia, macho amefumba. Paka aliyezaliwa chini ya kitanda changu hapa Base Camp ya Nakivale, ambaye maji makubwa pekee aliyoyaona ni Ziwa Nakivale, alijuaje? Mama watoto anasema ni damu ya nyumbani. Mimi nasema ni mafuta ya samaki na kukosekana kwa mchanga, lakini katika nyumba yangu sayansi haina wafuasi.

Ingawa mimi sayansi naifuata. Usiku simu ikipata mtandao, nasoma. Nimesoma kwamba mwaka 2005 wataalamu wa Philadelphia, kule Marekani, waligundua kuwa paka wana kasoro kwenye jeni ya kuonja sukari. Wa mjini na wa porini, chui milia na duma pamoja nao. Ulimi wao hauujui utamu kabisa. Nilifurahi sana, maana nilijua kwamba walau sukari yangu iko salama. Kisha nikakumbuka kuwa nina mbwa.

Mbwa anaitwa Komanda. Alitoka Oruchinga, kambi ndugu ya hii yetu. Zote mbili ni wazee wa siku nyingi, zimefunguliwa zama za Watutsi wa kwanza waliokimbia Rwanda. Shemeji yangu anaishi kule, na shemeji ana tabia ya kugawa vitu vinavyokula. Alimleta Komanda kwa bodaboda, kwenye kikapu cha viazi vitamu, akamshusha mlangoni kwa heshima.

"Shemeji, huyu ni mbwa wa ulinzi. Baba yake aliwahi kumkamata mwizi wa mbuzi."

Siku ya kwanza yule mbwa wa ulinzi alilinda kikapu. Viazi vilipopikwa, akalinda sufuria. Tangu hapo hajabadilisha kituo cha kazi. Mwizi anaweza kuja akachukua baiskeli, akachukua nguo kwenye kamba, akamkanyaga Komanda mkia na kuomba radhi. Ilimradi hakugusa mbabula, lile jiko la makaa, hawatagombana.

Alichonacho ni masikio. Mama watoto akitwanga sombe, yaani kisamvu, Komanda amelala. Anajua sombe ni safari ndefu. Itwangwe, ichemke, itiwe mawese na kitunguu, ichemke tena, watu wazeeke. Vyombo vikioshwa, amelala. Jirani akipigana na mke wake, amelala. Lakini mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, ule mlio wa mwisho wa kukung'uta unga wa bugali, mara mbili, ko, ko, mbwa yuko mlangoni, na uzi wa mate unateremka taratibu mpaka kifuani, unayumba na upepo, haukatiki. Kuna mganga wa Kirusi, Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula tumboni, na dunia inamkumbuka zaidi kwa mbwa aliowazoesha mlio fulani mpaka wakawa wanadondosha mate bila kuona chakula. Huyo bwana aliteseka bure na vyombo vyake. Angefika Base Camp na daftari moja, angerudi kwao wiki ileile.

Bugali nao Komanda anaula kwa utaratibu wake. Ukiwa wa moto haumezi; zamani alimeza, akakimbia kijiji kizima akitafuta aliyemchoma. Sasa anachukua tonge, analidondosha kwenye udongo, analigeuza kwa pua upande wa pili, anangoja. Likipoa analimeza zima pamoja na kipande cha wilaya yetu ya Isingiro. Ukoko wa chini ya sufuria anautafuna kwa kelele mpaka watoto wanatamani. Kwa hili nimemsamehe kidogo, tangu niliposoma kwamba mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walilinganisha mbwa na mbwa mwitu, wakaona mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko ndugu yake wa porini. Yaani maelfu ya miaka ya kukaa karibu na vyungu vya watu yamempa tumbo la kulia uji na ugali. Jamaa amesomea. Mimi naula bugali kwa mazoea, yeye anaula kwa taaluma.

Hilo la kukaa karibu na vyungu ndilo lililotuletea usiku wa kopo.

Mnalijua lile kopo la mafuta ya msaada, la lita nne, lenye maandishi ya USAID na mikono miwili iliyoshikana. Hapa kwetu kopo lile halifi. Likimaliza mafuta linakuwa kipimo cha mahindi, likichakaa linakuwa taa, likipasuliwa linakuwa kiraka cha mlango. Letu lilikatwa juu, likawekwa nyuma ya nyumba likingoja kazi mpya, na chini kabisa lilikuwa na kijiko kimoja cha mafuta kilichoganda. Usiku wa manane tukasikia kengele. Si kengele ya kanisa. Kong! Kimya. Kong! Kimya. Kong-kong-kong, ukutani kwetu, kisha ukutani kwa jirani, kisha kwenye pikipiki ya mtu. Watu wakatoka na tochi, na mapanga, na mmoja na Biblia. Kukaonekana kiumbe chenye mwili wa mbwa na kichwa cha bati, kinatembea kinyumenyume kwa adabu, na tochi zikimulika usoni kunasomeka kwamba hiyo ni zawadi kutoka kwa watu wa Marekani.

Mzee mmoja wa jirani, Mnyarwanda aliyeko hapa tangu kabla hata baadhi yetu hatujazaliwa, akamtazama muda mrefu. "Huyu naye," akasema, "wamempa kundi la ngapi?"

Kulitoa kopo kulihitaji wanaume wawili na sabuni. Tulipofanikiwa, Komanda hakukimbia wala hakushukuru. Aligeuka akaliangalia kopo, akaona bado kuna mafuta kwenye kona, akaingiza kichwa tena. Minou alikuwa juu ya paa muda wote, anajilamba mguu, hamjui mtu yeyote kati yetu.

Siku hizi makopo hayo yameadimika. Komanda bado anakagua lile moja lililobaki, kila jioni, huenda mambo yamebadilika.

Kwa Hajati mbwa haingii, na hili halina ubishi. Kwa Waislamu, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka hana shida hiyo, ni katika wale wazungukao majumbani, akinywa kwenye bakuli lako unaendelea kunywa. Nimejaribu kumweleza Hajati ninavyomjua paka huyu, na mahali alipopitisha miguu kabla ya kufika kwake, lakini sheria ni sheria. Tena nakiri hata kwa kunywa wanatofautiana. Minou anakunywa maziwa kama katibu anayesaini barua: ncha ya ulimi inagusa juu tu, maziwa yanapanda kama uzi, mdomo unafunga kabla hayajaanguka. Mwaka 2010 wahandisi wa Marekani walimpiga paka picha za kasi sana, wakaona anafanya hivyo mara nne kwa sekunde moja. Komanda anakunja ulimi nyuma kama kijiko na kuwarushia watu maji. Ukimpa maji, nusu anakunywa yeye na nusu unakunywa wewe kwa suruali.

Basi Komanda anasimama kwenye ua wa Hajati kama mpakani Mutukula. Hasogezi ukucha ndani. Anakaa, anatazama. Na watoto wa Hajati, kwa kumwonea huruma kwamba amefukuzwa, wanamrushia mifupa ya mbuzi juu ya ua. Amefukuzwa na bado analetewa alipo! Mimi nikisimama pale uani, naulizwa nina shida gani.

Mwezi uliopita nilipata mwaliko wa kuhingira huko Mbarara, rafiki yangu Mnyankole anamtoa binti yake. Nilipanda taksi nikijiambia kwamba leo, angalau leo, nitakula bila kutazamwa. Ankole ni nchi ya ng'ombe wenye pembe kubwa na watu wenye maziwa, na kwenye sherehe kuna kitu kinaitwa eshabwe: siagi ya samli inayopondwa na kukorogwa na maji na chumvi ya mawe mpaka iwe nyeupe nzito, inaliwa baridi, na matoke au karo, ugali wao wa ulezi. Hailetwi mezani ovyo. Inaletwa kwa heshima, na kabla ya kuletwa inafunikwa.

Nilikuwa karibu na pazia la jikoni, mahali ninapopenda kukaa kwenye sherehe za watu. Kwa upenyo wa pazia nikaona paka wa nyumba ile. Mnene, mweupe kifuani, hana haraka. Akalisukuma lile kawa kwa paji la uso, kidogo, kidogo, mpaka likateleza. Akaingiza kichwa. Pale hakuna cha ncha ya ulimi. Eshabwe ni nzito, inadai kichwa kizima. Nje mzee wa upande wa bwana harusi alikuwa anahesabu sifa za ng'ombe mmoja mmoja. Paka akatoa kichwa, ndevu nyeupe, akapumua, akarudi. Mtoto aliyekuwa jikoni akamsogezea soda ya machungwa ili aache. Paka hakuigeukia hata kwa adabu, na mimi, niliyesoma habari za Philadelphia, nilikuwa mtu pekee kwenye sherehe ile niliyejua kwa nini.

Nilinyamaza. Mgeni hasemi ya jikoni. Ila eshabwe ilipofika kwangu, nilimwachia mzee niliyekaa naye achukue kwanza.

Huyo mzee, Muhima wa zamani, wale wafugaji wa Ankole, aliniuliza ninafuga nini. Nikamwambia mbwa na paka.

"Paka anakula nini huko kwenu?"

"Samaki, mzee."

Akaweka kijiko chini. Wahima wa rika lake samaki hawamli. Kwao ni kitu cha kuogelea kama nyoka. Akanishika mkono.

"Samaki! Maskini. Na maziwa hampati kabisa?"

Kesho yake nikapita duka kubwa la mjini kununua sabuni, na pale kwenye kona nikakutana na gunia lenye picha ya mbwa anayecheka. Nikadhani ni picha tu, wenye viwanda wanaweka picha yoyote. Nikasoma nyuma. Nyama ya kuku, mchele, karoti, mafuta ya samaki, vitamini za kung'arisha manyoya. Bei sitaitaja, kuna watoto wanaosoma safu hii. Nikasoma tena, taratibu, nyama ya kuku, mchele, na askari wa mlangoni akasogea, kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mrefu na, nadhani, mdomo wazi. Pavlov hakunijia akilini mpaka nilipomeza.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Lisilovumilika ni kichwa cha samaki.

Kwetu, tilapia akipikwa mzima, kichwa ni cha baba mwenye nyumba. Si suala la nyama. Kichwani kuna shavu, kuna mafuta ya nyuma ya jicho, kuna ule mfupa wa kunyonya taratibu huku unawaza. Ndiyo kiti cha mzee kilichopikwa. Baba yangu alikula kichwa. Babu alikula kichwa. Mimi nilikula kichwa mpaka jioni ile mama watoto alipopakua, nikaona sahani yangu ina mkia.

"Mama, kichwa kiko wapi?"

"Nimempa Minou. Jana alikamata panya wawili kwenye mahindi."

Nikanyamaza ili uzito wa jambo umfikie. Haukumfikia.

"Tena mmoja alimleta akamweka karibu na sahani yako," akaongeza. "Wewe ulimtupa. Aliumia."

Ni kweli aliniletea panya. Alimlaza mbele yangu, kichwa kimenielekea, kisha akakaa kunitazama kama ninavyomtazama karani wa pesa za msaada. Sikuhitaji msaada huo. Na kukamata panya ni kazi yake. Mimi nikilima shamba sipewi tuzo, naambiwa nirudi jioni na kuni. Nikayasema hayo kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mama Mapacha, na kwa kuwa nilikuwa na haki, nikapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti ni mtu wa kusikiliza. Anasikiliza mipaka ya viwanja, mbuzi walioingia kwenye mahindi, deni la bia. Alitandika mkeka chini ya mwembe, akanipa nafasi. Nikaeleza: kichwa, baba, babu, mkia. Nikaomba paka wangu azuiwe kula sehemu ya mwenye nyumba.

"Paka wako?" akauliza Hajati, ambaye sikumwita, aliyekuwa anapita tu. "Paka wangu anaitwa Bisad, nimemlea tangu akiwa mdogo, anakunywa chai kwangu kila siku. Baba, wewe umemtoa wapi?"

Mama Mapacha akatua ndoo ya maji. "Huyu mwenye doa kwenye pua? Huyu ni wa mapacha. Mchana anakula kwangu, watoto wakilala analala katikati yao."

Kijana mvuvi aliyekuja kwa shauri lake jingine akasema, pole wazee, lakini yule wanamwita Kapteni, na hana mwenyewe, ni wa gati.

Mwenyekiti akaandika. Akafuta. Akaniuliza kama nina ushahidi wowote kwamba paka ni wa nyumba yangu. Nikasema analala kwenye gunia langu. Mama watoto, aliyekaa upande wa pili wa mkeka, upande ambao sikuuelewa, akasema gunia ni lake.

Wakati huo Komanda alikuwa ameshafika, akamaliza chapati ya mwenyekiti iliyokuwa imefunikwa na kofia, na akalala juu ya kofia.

Shauri limeahirishwa hadi Jumamosi. Mwenyekiti amesema hawezi kuamua kwa maneno matupu, anataka kielelezo kiletwe mbele ya baraza akione kwa macho: kichwa cha tilapia, kikiwa kimekaangwa, na pilipili iwe kando.